Mjomba, huyu mdudu gani?

Haya niliyasema Jumamosi asubuhi kwenye bwalo la shule moja hapa Tabora mjini, mbele ya wanafunzi, walimu na wafugaji nyuki. Mvua iliwazuia wengi kufika, ndiyo maana nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwangaluka, ndugu zangu!

Naona walioitikia ni wazee tu. Vijana, mwangaluka! Haya, sasa mmeamka.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliotoka Sikonge na Urambo kabla jogoo hajawika, wanafunzi mliokatizwa usingizi wa Jumamosi, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti wakati ananikaribisha amesema, "Leo mwalimu atashusha nondo." Amesema kweli kuliko alivyokusudia. Nimekuja kushusha nondo. Si zile za fundi ujenzi, wala si hoja nzito za bungeni. Nimemleta nondo mwenyewe, yule mdudu wa usiku anayezunguka taa mpaka mama anafunika vikombe vya chai.

Na nimemleta mmoja tu. Wafugaji nyuki najua nyie nondo mnayemfahamu ni yule anayekula masega, na mkimwona mnatamani kuchoma mzinga mzima. Huyu wangu hana ugomvi na nyuki. Tulieni.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi Oman, kwenye shamba la mitende karibu na Nizwa. Tabora na Oman tunajuana tangu zama za misafara, sina haja ya kueleza kijana wa Isevya amefikaje huko. Usiku mmoja nasahihisha madaftari, simu ikalia. Picha. Ukuta mweupe wa bafu, na katikati ya ukuta kimdudu cha rangi ya samli, chembamba, kimekaa kama paa la kibanda. Juu ya kila bawa umepita mstari mmoja wa waridi, umenyooka kama uliopigwa na rula. Chini yake sauti: "Shikamoo mjomba. Wewe si mwalimu wa baiolojia? Huyu mdudu gani? Huku ni jangwa tupu, huyu anakula nini?"

Ndugu zangu, nani hapa ameshawahi kuulizwa swali mbele ya watu akajibu haraka ili asiaibike? Nyosheni mikono. Mwenyekiti, na wewe nyosha.

Mimi nilijibu baada ya dakika mbili. Na nilikosea.

Nielezeni kwanza, mtu akikutana na mgeni stendi asiyemjua, anaanza kumuuliza jina? Kwetu hapana. Unaanza na ukoo. Unatoka wapi, ni wa nani, mama yako nani. Ukishajua ukoo, jina linakuwa rahisi. Nondo naye ni hivyo hivyo. Dunia ina nondo wengi mno, huwezi kufungua kitabu ukurasa wa kwanza ukaanza kulinganisha picha. Utazeeka. Unauliza ukoo kwanza.

Kuna ukoo mmoja wa nondo, kwa lugha ya kitaalamu unaitwa Jiometride. Wanafunzi, neno hilo linawakumbusha somo gani? Jiometri, naam, lile linalowatoa jasho. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni mpima ardhi. Wameitwa hivyo kwa sababu ya mtoto wao, kiwavi. Mmemwona wote, hata kama hamkumtazama. Anashika kijiti kwa miguu ya nyuma, anajinyoosha mbele, anashika kwa miguu ya mbele, halafu anavuta nyuma mpaka mgongo unapinda kama mpini wa kikapu. Kisha anajinyoosha tena. Hatua, hatua, hatua, kama anapima urefu wa kijiti kwa shubiri.

Mwaka juzi niliwatoa watoto wa darasa la tano bustanini, tukamkuta mmoja kwenye tawi la mpera. Msichana mmoja akachuchumaa, akamtazama muda mrefu, halafu akasema, "Mwalimu, huyu ni mpima viwanja. Tukimwacha mpaka jioni atatuuzia shamba letu wenyewe." Wakacheka, mimi nikaduwaa. Yule mtoto alikuwa hajasikia neno hata moja la Kigiriki.

Kwa nini anatembea hivyo? Hesabuni miguu. Kiwavi wa kawaida, chukua yule kiwavijeshi anayemaliza mahindi, ana miguu mitatu mitatu ya kweli kifuani, halafu tumboni ana vijiguu laini vya nyama, jozi tano. Huyu mpima ardhi wa tumboni anazo jozi mbili tu kwa kawaida, zote ziko mwisho kabisa wa mwili. Katikati hana kitu cha kukanyagia. Afanyeje? Anakunja kiuno.

Sasa huyo ni mtoto. Mkubwa unamjuaje? Mwili mwembamba, mabawa mapana ukilinganisha na mwili, na akitua ukutani mara nyingi anayatandaza bapa, kama khanga iliyoanikwa juu ya nyasi. Masikio yake yako tumboni, pale tumbo linapoanza. Ndiyo, mama, tumboni. Kwa masikio hayo anamsikia popo anapowinda kwa sauti ambazo sisi hatuzisikii. Ukoo huu una spishi takriban 23,000 zilizokwisha kupewa majina.

Mmesikia nilivyosema, anatandaza mabawa bapa. Sasa kumbukeni picha ya mpwa wangu. Amekaaje yule? Kama paa la kibanda! Mabawa yameinama pande mbili. Mimi mwalimu wenu, kwa kujiamini kote, nikaandika: "Mpwa wangu, huyu si wa ukoo wa wapima ardhi, wale hulala bapa. Huyu ni ukoo mwingine, nitakutafutia." Nikamtafuta kwa wiki tatu kwenye ukoo ambao si wake. Wiki tatu! Nilikuwa kama mtu anayemtafuta mgonjwa wake hospitali nzima, kumbe mgonjwa yuko nyumbani anakunywa uji.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilishika dalili moja nikaifanya sheria. Mkao ni dalili. Dalili moja haifungi kesi. Narudia kwa wale wa nyuma: dalili moja haifungi kesi.

Kilichoniokoa ni kumuomba picha nyingine. Nikamwambia, mpwa, akitokea tena mfunike kwa glasi, weka rula pembeni, umpige picha juu, ubavuni na kwa mbele, na uniandikie tarehe, saa na mahali. Akanijibu, "Mjomba, unataka na kitambulisho chake cha taifa?" Lakini alifanya. Siku nane baadaye zikaingia picha sita. Ndani ya glasi yule nondo alipapatika akafungua mabawa, na hapo kila kitu kikaonekana. Bawa la mbele limechongoka, la njano hafifu, na ule mstari unaanzia karibu na ncha ya bawa unashuka kimshazari mpaka katikati ya ukingo wa nyuma. Mstari mmoja tu. Bawa la nyuma jeupe, halina pambo lolote. Upana kutoka ncha mpaka ncha, milimita 25.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Alikuwa wa ukoo wa wapima ardhi, ila ni miongoni mwa wale wachache wanaolala kama paa. Jina lake ni Rhodometra sacraria. Linnaeus, yule Mswidi aliyeuanzisha mtindo wa kuwapa viumbe majina mawili, ndiye aliyempa hilo la pili mwaka 1767. Hilo la kwanza ni Kigiriki, lina waridi ndani yake na kipimo ndani yake. Mpimaji wa waridi. Uingereza wanamwita kwa jina la wale mabikira wa Roma ya kale waliokuwa wakilinda moto mtakatifu, na nadhani aliyemwita hivyo alikuwa na usingizi, kwa sababu nondo na moto hawajawahi kulindana.

Hapo mkononi mwa mwalimu swali la kwanza limejibiwa. Lakini mpwa wangu hakuridhika. Wiki iliyofuata akatuma mwingine: "Mjomba, huyu mstari wake ni wa kahawia. Ni spishi nyingine?"

Ndugu zangu, rangi. Rangi imewadanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Mstari wa huyu nondo unaweza kuwa wa waridi, unaweza kuwa wa kahawia, na kinachoamua si ukoo wala jinsia. Kinachoamua ni joto alilolipata akiwa pupa, wakati amelala ndani ya ganda lake hajawa nondo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akipitia siku za baridi na mwingine siku za joto, wanatoka na mistari tofauti. Ungewaweka kwenye masanduku mawili na kuwapa majina mawili, ungekuwa umewatenga mtu na ndugu yake kwa sababu ya hali ya hewa.

Na kuna kisa kingine, hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote, kwa hiyo mnivumilie. Arizona, Marekani, nchi kavu kwelikweli, kuna mpima ardhi anaitwa Nemoria arizonaria. Viwavi wake hula miti ya mialoni. Wanaozaliwa majira ya kuchipua wanakula maua ya mwaloni, yale yanayoning'inia kama vishada. Wanaozaliwa kiangazi wanakuta maua yamekwisha, wanakula majani. Sasa sikilizeni. Wale wa maua wanakuwa na umbo la maua hayo hayo, ya njano, yenye mikunjo na vidoa. Ukimwekea kiwavi kati ya maua humwoni. Wale wa majani wanakuwa kama vijiti, kijivu, wamekauka kama vijiti. Ungeapa kwa msahafu na Biblia kwamba ni spishi mbili.

Mtafiti mmoja, Erick Greene, alichukua watoto wa mama mmoja, akawagawa. Hawa akawalisha maua, wale majani. Waliokula maua wakawa maua. Waliokula majani wakawa vijiti. Alichapisha matokeo mwaka 1989. Ulaji! Mwalimu Mkuu, tukiwalisha hawa wanafunzi maharage kila siku, unadhani tutapata nini?

(Hapa bwalo lilicheka muda mrefu, Mwalimu Mkuu naye alicheka, kwa hiyo bado nina kazi.)

Basi nilimwandikia mpwa wangu: rangi ya mstari iandike kwenye daftari, lakini usiipe kura ya mwisho. Angalia mstari uko wapi, unaanzia wapi, unaishia wapi, bawa limechongoka au limeviringika, la nyuma lina pambo au halina. Vitu hivyo havibadiliki ovyo.

Na jibu la nini anakula jangwani? Kiwavi wake anapenda mimea midogo ya chini, jamii ya Polygonum na jamii ya Rumex, magugu ambayo mkulima anayang'oa bila kuyatazama. Kwenye shamba la mitende kuna mifereji ya maji, wao wanaiita falaji, na penye mfereji hapakosi magugu. Jangwa alilodhani ni tupu lilikuwa na kijani cha upana wa hatua mbili, na hatua mbili zinamtosha mtu wa milimita 25.

Sasa nisije nikawapa picha kwamba kila nondo anakubali kutambuliwa kwa glasi na rula. Wengine wanakataa kabisa. Hapa kwetu, ukitundika taa msituni kwenye miyombo na mininga, atakuja nondo mdogo mwenye mabawa ya kijani yanayoangaza kama kioo, pembeni amepigwa pindo la kahawia. Mzuri huyo! Huyo ni wa jenasi ya Zamarada, jenasi ni kama nyumba moja ndani ya ukoo, yenye spishi zinazokaribiana. Mtu wa kwanza kumwona anasema, nimempata. Hujampata. Afrika ina zaidi ya spishi 200 za Zamarada, na nyingi kwa macho ni sare ya shule. Mwingereza D. S. Fletcher alizichambua na kutoa kazi yake kubwa mwaka 1974, na njia yake ilikuwa kuangalia viungo vya uzazi kwa darubini. Ndiyo, wanafunzi, cheka tuendelee. Kwa nondo wengi hapo ndipo penye kitambulisho, kwa sababu dume na jike wa spishi moja viungo vyao hukubaliana kama kufuli na ufunguo wake, na tofauti zake ndogo zinaonekana hata pale mabawa yanapofanana kabisa.

Kabla ya Fletcher alikuwepo mtu mwingine, Louis Beethoven Prout. Beethoven ndiyo, kama yule mwanamuziki, kwa kuwa baba yake alikuwa msomi wa muziki. Mtoto akaenda kwa wapima ardhi, akatumia maisha yake kuwapa majina, wa Afrika wakiwa wengi ndani yake. Alifariki mwaka 1943. Sielewi kwa nini habari za watu kama hao hatuwasimulii watoto. Mtu aliyetumia maisha yake kutazama bawa la upana wa kucha na kusema hili si lile.

Siku hizi kuna njia ya DNA. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Kanada na wenzake walipendekeza wanyama watambuliwe kwa kipande kimoja kifupi cha jeni, herufi kama 650, kama zile alama za mistari kwenye kipande cha sabuni dukani. Inasaidia sana. Unahitaji mguu mmoja tu wa nondo. Lakini unahitaji pia maabara na pesa, na mimi na nyie tuna shuka na taa. Tuendelee na shuka na taa.

Mpwa wangu alipopata mori alituma mwingine, rangi ya vumbi, kijivu na kahawia, mistari miwili mitatu hafifu, ametolewa chini ya mgunga. Nilidhani ni Isturgia disputaria, ambaye anajulikana sana kwenye nchi kavu za Arabuni na viwavi wake hula migunga. Lakini picha ilikuwa na ukungu, na mabawa yamechakaa magamba yametoka. Nikamjibu: jenasi Isturgia, spishi naiacha wazi. Akalalamika, "Mjomba, umechoka?" Hapana. Kuishia njiani ni jibu. Daktari akikuambia "nasubiri vipimo" unamheshimu kuliko yule anayekuandikia dawa kabla hujakaa.

Na hili la mwisho nitalisema kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa kijana nilipelekwa kufundisha mahali fulani, sitapataja. Kabatini nikakuta sanduku la wadudu, zaidi ya mia moja, wamechomwa pini vizuri kabisa, kazi ya mwalimu wa zamani aliyekuwa ameshafariki. Nondo wa kijani, wa njano, wote wako. Chini ya kila pini palikuwa na tundu dogo la karatasi iliyong'olewa. Nikauliza, vikaratasi viko wapi? Nikaambiwa mgeni rasmi alikuwa anakuja, vikaratasi vilikuwa vimekuwa vya manjano, vinachafua sanduku, vikatupwa.

Mnaelewa kilichotupwa? Mahali na tarehe. Wale nondo walibaki wazuri na hawana thamani tena. Huwezi kusema walitoka Kigoma ukingoni mwa ziwa au hapa kwenye miyombo, huwezi kusema ni wa masika au wa kiangazi, wa mwaka gani. Nilikaa na lile sanduku jioni nzima. Nondo asiye na mahali wala tarehe ni kama barua isiyo na anwani, hata mwandiko ukiwa mzuri namna gani haifiki.

Ndiyo maana yule wa Nizwa nina picha zake na daftari lenye tarehe. Na ndiyo maana mwezi wa nne, mvua zikielekea kukatika, niliporudi kutoka Kwihara usiku nikasimama kununua vocha dukani Chemchem, nilisahau vocha. Ukutani, chini ya taa, kibanda cha rangi ya samli. Mstari wa waridi. Mwenye duka akaniuliza, "Mwalimu, umepoteza kitu?" Nikamwambia niazime glasi.

Nondo wa jangwani, Chemchem! Lakini yeye hajui kwamba tumemwita wa jangwani. Yuko Afrika, yuko kusini mwa Ulaya, yuko sehemu kubwa ya Asia, anapenda palipo pakavu, na karibu kila mwaka wengine huvuka bahari mpaka Uingereza kwenye mvua zao zisizoisha. Milimita 25! Nilipima kwa rula ya mtoto wa mwenye duka, nikaandika nyuma ya risiti: Tabora, Chemchem, saa mbili na nusu usiku, ukutani, taa nyeupe. Kisha nikamwachia.

Mzee hapo mbele ameniuliza wakati wa chai, kwa nini anajipeleka kwenye taa, ana wazimu? Mzee wangu, mwaka 2024 watafiti walitumia kamera za kasi wakaonyesha kwamba wadudu wengi wa usiku hugeuzia mgongo upande wenye mwanga. Kwa mamilioni ya miaka mwanga wa usiku ulikuwa juu, mbinguni, kwa hiyo mgongo juu, tumbo chini, unaruka sawa. Ukiweka taa pembeni, anageuza mgongo kuelekea taa, anapinda, anazunguka, hawezi kutoka. Hajavutwa, mzee. Amepotezwa.

Basi leo jioni, mvua ikikubali, shuka jeupe tutalitundika nyuma ya bwalo hili saa moja na nusu. Kila mtu aje na rula na kalamu ya risasi, wino unaloa. Simu zenye kamera karibuni. Dawa ya mbu jipakeni nyumbani, msije mkapulizia hapa mkaniulia wageni.

Na mpwa wangu anarudi likizo mwezi wa kumi na mbili. Ameniuliza aniletee nini kutoka Oman, haluwa au manukato. Nimemwambia haluwa ampelekee mama yake. Mimi aniletee daftari.